Je, Kung Fu Humwokoa Aliyekabwa?

Ndugu msomaji, huenda nawe una mtoto, mdogo wako au jirani ambaye kila Jumamosi huvaa suruali pana nyeusi na kwenda kujifunza kung fu. Huenda siku moja umekaa ukamtazama akirusha mikono na miguu hewani mbele ya mwalimu wake, wala hapana mtu anayempinga. Umefurahi kuona kwamba mgongo wake umenyooka na kwamba amejifunza kuwaamkia wakubwa kwa adabu. Lakini moyoni umejiuliza swali lililo zito kuliko ada unayolipa: je, siku atakapokabwa uchochoroni, mambo haya yatamfaa?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lisilo na ushabiki. Wako wasemao kwamba mbinu za jadi za Kichina ni ngoma tu, na kwamba mtu akipigwa konde moja la kweli husahau yote aliyofunzwa. Wako na wengine waapao kwamba mwalimu wao aweza kuwaangusha watu kumi bila kutoka jasho. Mimi kwa kazi ni mwandishi wa habari, na kwa muda wa miaka tisa sasa nimekuwa mwanafunzi wa mtindo uitwao Wing Chun. Naona kwamba makundi yote mawili yamepotoka. Mbinu za jadi zina thamani, na thamani hiyo huonekana hasa pale watu wawili wanapokuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Lakini haimjii mtu kwa kutazama, wala kwa kurudiarudia miondoko akiwa peke yake. Humjia kwa kuzoea kupingwa.

Jambo hili si geni, kwani Wachina wenyewe walilijua zamani. Katika karne ya 16 alikuwapo jemadari mmoja aliyeitwa Qi Jiguang, aliyezaliwa mwaka 1528 na kufariki mwaka 1588. Alipewa kazi ya kuwafukuza maharamia waliokuwa wakiushambulia mwambao wa China, naye akaunda jeshi la wakulima na wachimba migodi. Katika kitabu chake cha mafunzo ya askari, alichokiandika yapata mwaka 1560, alitia sura moja juu ya mapigano ya mikono mitupu, yenye mikao 32 aliyoiteua kutoka mitindo mbalimbali ya wakati wake. Hakumdanganya msomaji wake. Alieleza bayana kwamba ngumi hazina kazi kubwa katika vita vya majeshi, na kwamba faida yake ni kuvizoeza viungo na kuwa mlango wa kuingilia katika mafunzo ya silaha. Aidha, aliikemea miondoko ya mapambo, ile inayopendeza machoni lakini haina kazi mbele ya adui. Tazama, msomaji: miaka mia nne na zaidi iliyopita, mtu ambaye maisha ya askari wake yalikuwa mikononi mwake tayari alikuwa akitenga mbegu na makapi.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Tarehe 17 Januari, 1954, katika mji wa Macau, walipanda jukwaani walimu wawili wenye sifa kubwa. Mmoja alikuwa Wu Gongyi wa mtindo wa taichi, na mwingine Chan Hak-fu wa mtindo wa korongo mweupe. Mapato yalikuwa ya kuwasaidia watu waliounguliwa na makazi yao huko Shek Kip Mei, Hong Kong, usiku wa Krismasi ya mwaka 1953, moto ambao uliwaacha watu zaidi ya 50,000 bila mahali pa kulala. Pambano hilo lilipigwa picha za sinema, nazo zipo hadi leo. Mtu anayezitazama akitarajia korongo aliyekunjua mbawa hushangaa. Huona wanaume wawili wakirushiana makonde ya ovyo, wakirudi nyuma, wakisukumana na kugongana mikono. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya pili, na mshindi hakutangazwa.

Lililofuata lastahili kufikiriwa. Mji wote wa Hong Kong ulikuwa ukilizungumzia pambano hilo, na siku chache baadaye gazeti moja la huko likaanza kuchapisha hadithi ya mfululizo ya mwandishi Liang Yusheng, juu ya mabingwa wa kale wa upanga na ngumi. Hadithi hiyo ikapendwa mno, wengine wakamfuata, na kutoka katika mkondo huo wa hadithi zikachota filamu nyingi. Pambano lisilopendeza likazaa ngano za kupendeza. Katika miaka ya 1970 filamu hizo zilifika kwetu pia na kuyajaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam. Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana, husimulia jinsi watazamaji walivyotoka nje wakirushiana mateke barabarani. Basi wengi wetu tuliijua kung fu kwa njia ya ngano kabla ya kuijua kwa njia ya mwili. Hilo si kosa, lakini yafaa tulijue.

Je, maana yake ni kwamba mbinu hizo ni uongo mtupu? La hasha. Katika Hong Kong hiyohiyo, miaka ya 1950, alikuwapo mwalimu Ip Man, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1972, ambaye alikuwa akifundisha Wing Chun. Mwanafunzi wake mmoja, Wong Shun Leung, alipata jina kwa mapambano ya kupimana na vijana wa mitindo mingine, mapambano ambayo mara nyingi yalifanyika faraghani na juu ya mapaa ya majengo, bila glavu. Huyo ndiye aliyemsaidia kijana Bruce Lee katika mafunzo yake ya mwanzo, miaka mingi kabla dunia haijamjua katika filamu. Watu hawa hawakuacha mbinu za jadi. Walichofanya ni kumpelekea mtu asiyekubali kupigwa, wakaona kipi kinasimama na kipi kinaanguka, kisha wakarudi kusahihisha. Mbinu iliyopita katika moto huo ilikuwa haba, lakini ilikuwa yao kweli.

Kinyume chake kilionekana mwezi Aprili mwaka 2017 huko Chengdu, China. Wei Lei, mwalimu wa taichi, alikutana na Xu Xiaodong, mpiganaji aliyezoea mapambano ya mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka. Wei Lei aliangushwa na kushindwa kabla hata nusu dakika haijatimia. Watu wengi walisema siku hiyo mbinu za jadi zimekufa. Mimi naona kilichoshindwa ni desturi ya kujizoeza miaka nenda miaka rudi na watu wanaokuheshimu mno kiasi kwamba hawathubutu kukupiga. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe: mtu anapokuwa karibu, kinafaa nini? Elewa kwanza kwamba hatua moja inabadili kila kitu. Ukiwa mbali na mwenzako unaona bega lake likitikisika kabla mkono haujafika. Ukiwa karibu, jicho huchelewa. Ngumi hufika kabla hujajua imetoka wapi. Hapo ngozi huwa shahidi bora kuliko jicho, kwa kuwa mwili huujibu mguso upesi zaidi. Ndiyo sababu walimu wa Wing Chun huuita mgusano wa mikono daraja, na wakabuni zoezi ambalo watu wawili husimama wamegusanisha vigasha na kuizungusha mikono yao bila kuachana. Mmoja akisukuma, mwingine hupokea. Mmoja akivuta, mwingine hufuata. Na panapotokea pengo mkono huingia wenyewe. Mtu aliyelifanya zoezi hili kwa miaka hutambua uzito wa mwenzake unaelekea wapi hata akifumba macho.

Pili, mapigo yanayofaa karibu ni mafupi. Kiwiko hukaa mbele ya mbavu, wala hakipanuki kando. Nguvu haitoki begani bali hutoka sakafuni, ikapita kiunoni. Miguu haipandi juu ya kiuno. Hupiga goti, hupiga muundi, hukanyaga unyayo. Kiganja kilichofunguka hufaa kuliko ngumi iliyokazwa kwa mtu asiyezoea, kwani kichwa cha binadamu ni mfupa mgumu, na ngumi ikikosa shabaha huvunjika yenyewe, hasa mfupa unaokibeba kidole cha mwisho. Waganga wa mifupa wanaijua sana ajali hiyo.

Lakini zoezi la mikono iliyogusana nalo si mapigano. Jambazi hasimami akakusubiri ugusanishe naye vigasha. Hukukamata nguo, hukuvuta nywele, hukusukuma ukutani, hurusha makonde ya kuzungusha kutoka pembeni. Kwa sababu hiyo, mwalimu wetu huligawa somo la kila Jumanne katika sehemu mbili. Nusu ya kwanza ni miondoko ya jadi, polepole, kila mtu na kivuli chake. Nusu ya pili huvaa kofia za kukinga kichwa na glavu nyembamba, kisha mmoja huambiwa amkabe mwenzake apendavyo, kwa nguvu zake zote, na asimwachie mpaka aachishwe. Wapo waliokuja wakijua miondoko yote ya jadi, lakini nusu ya pili ilipowashinda wakahama. Wapo pia waliokuja bila kujua hata kusimama, na baada ya mwaka mmoja ikawa si rahisi kuwabana ukutani.

Miaka mitatu iliyopita, yapata saa mbili usiku, nilikuwa nikishuka ngazi za jengo moja mjini baada ya kumaliza mahojiano. Taa ya ghorofa ya pili haikuwaka. Kijana mmoja aliyekuwa akipanda, ambaye nilimpisha kama ningempisha mpita njia yeyote, aligeuka ghafla, akanikamata ukosi wa blauzi kwa mkono wa kushoto na kunibana ukutani, huku mkono wake wa kulia ukivuta mkoba wangu. Ngazi zile ni nyembamba. Ukinyoosha mikono wagusa kuta zote mbili. Hapakuwa na nafasi ya teke la juu wala ya konde la kuzungusha.

Nakueleza yaliyofuata bila kutia chumvi. Sikumbuki kwamba nilichagua mbinu yoyote. Koo lilikauka, masikio yakawa kama yamejaa maji, na macho hayakuona kitu ila kifungo kimoja cha shati lake. Kidevu changu kilishuka chenyewe. Kigasha changu cha kushoto kikapanda juu ya mkono ulionishika ukosi, na mara kilipogusana nao nikajua anasukumia upande gani, jambo ambalo macho hayangeweza kuniambia katika giza lile. Nikageuza kiuno, na nguvu yake ikaenda ukutani. Kiganja changu cha kulia kikampata chini ya kidevu, mara mbili au tatu. Kisha kisigino changu kikateremka juu ya muundi wake hadi kwenye unyayo. Mkono wake ukalegea. Nikauachia mkoba, nikashuka mbio hadi barabarani penye watu, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna.

Jambo lote halikuzidi muda wa kuhesabu hadi kumi. Mkoba ulikwenda, pamoja na kinasa sauti changu na fedha za matumizi. Alama za kucha zilikaa shingoni wiki nzima, na kwa muda wa mwezi mmoja sikupenda kupita mahali penye ngazi. Nilipokwenda mazoezini, mwalimu wetu hakuniuliza nilimpigaje.

"Ulifika nyumbani salama, dada?"

"Nilifika, Mwalimu."

"Watoto walikuona katika hali gani?"

"Walikuwa wamelala."

Akaitazama shingo yangu, akaniambia nipumzike hadi Jumanne ya pili.

Baadaye nilikaa nikafikiri ni kitu gani, katika miaka sita niliyokuwa nimejifunza hadi siku ile, kilikuja kunisaidia. Nilihesabu vitatu tu: mkono uliotafuta mgusano, kiuno kilichogeuka, na kisigino kilichoshuka. Mengine yote, mazuri ya kutazama, yalibaki nyumbani. Lakini hivyo vitatu vilikuwamo ndani ya miondoko ya jadi tangu siku ya kwanza. Mwondoko wa kwanza wa Wing Chun, ambao jina lake maana yake ni wazo dogo, hufanywa mtu akiwa amesimama mahali pamoja, akikipitisha kiwiko katikati ya kifua polepole mno hata mtazamaji huchoka. Mwondoko wa pili, ambao jina lake maana yake ni kulitafuta daraja, ndio unaofundisha kugeuza kiuno na kukanyaga. Hivyo basi, miondoko ni ghala. Humo mna nafaka nzuri iliyowekwa na waliotutangulia. Lakini mtu hashibi kwa kulimiliki ghala. Sharti atwange, apepete na apike, na kazi hiyo hufanywa pamoja na mwenzako anayekukaba kwelikweli.

Yako mambo mengine mawili ambayo yafaa kila mzazi ayajue. La kwanza ni kisu. Mwalimu wetu humpa mmoja wetu kalamu ya wino mzito na kumwambia aitumie kama kisu, naye mwenzake huvaa fulana nyeupe na kujikinga kwa mbinu yoyote aijuayo. Katika miaka yangu yote tisa sijaona fulana iliyobaki nyeupe. Wenye ujuzi huondoka na mistari michache, wageni huondoka na mingi, lakini wote huondoka na wino. Hilo humfunza kijana, kuliko hotuba yoyote, kwamba mbele ya kisu mali hutolewa na miguu hutumika. Mbinu za mikono ni za pale tu ambapo mlango umezibwa na hakuna pa kupita. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.

La pili ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, humpa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kuilinda mali, lakini kwa nguvu ya kiasi inayolazimu kulingana na hatari iliyopo. Aliyekwisha kujinasua kisha akarudi kumpiga adui aliyelala chini hajitetei tena. Kwa hiyo mwalimu anayewafundisha vijana kumaliza kazi, kama isemwavyo katika filamu, anawapeleka mahakamani. Mbinu iliyo bora ni ile inayoufungua mkono uliokukamata na kukupa nafasi ya kuondoka. Baada ya hapo kazi yake imekwisha.

Basi, msomaji, nikirudi kwenye swali la mzazi, jibu langu ni hili: kung fu ya jadi yaweza kumwokoa mtu aliyekabwa, iwapo amezoezwa kukabwa. Usimpime mwalimu kwa vyeti vilivyotundikwa ukutani wala kwa umri wa mtindo wake. Muulize mambo matatu. Je, wanafunzi wake hujizoeza na mtu anayewapinga kwa nguvu, huku wakiwa na vifaa vya kuwakinga wasiumizane? Je, yeye mwenyewe hukubali kushikwa na kupingwa na wanafunzi wake mbele ya wengine? Je, kukimbia na kupiga kelele ni sehemu ya somo lake, au huona haya kuvitaja? Anayejibu ndiyo mara tatu, mpe mwanao bila wasiwasi. Anayekasirika kwa kuulizwa, mshukuru na uende kwingine.

Hata hivyo usiidharau ile nusu ya kwanza ya somo, miondoko ya polepole ambayo kwa mtazamaji ni kama mchezo wa kivuli. Bila hiyo, nusu ya pili huwa ugomvi tu wa watu wenye nguvu, na mdogo hushindwa na mkubwa kila siku. Nyumba haiwi nyumba kwa msingi peke yake, wala haisimami pasipo msingi.

Binti yangu, ambaye ana umri wa miaka 11, alianza mafunzo mwaka huu. Hadi sasa amefundishwa kusimama, kujinasua mkono unapokamatwa, kupaza sauti na kukimbilia mlangoni. Wiki iliyopita alinilalamikia kwamba rafiki zake wa ukumbi mwingine tayari wanajua teke la kuruka.

"Mama, na mimi nitafundishwa lini?"

"Utafundishwa, mwanangu. Kwanza jifunze mlango uko wapi."

Hakuridhika, nami simlaumu. Teke la kuruka ni zuri, na utoto nao una haki ya kupenda mazuri. Lakini Jumanne iliyopita mwanafunzi mwenzake aliyemzidi kimo alimshika mkono kwa nguvu zake zote. Alihangaika, akageuza kiuno, akachomoka, akafika mlangoni akiwa anapiga kelele. Mkono wake ulikuwa umekuwa mwekundu. Mwalimu aliutazama, akampa maji ya kunywa, kisha akawaambia warudie.